Kadi Nilizoshona kwa Gunia

Kadi ya ng'ombe niliitengeneza mara tatu. Ya kwanza niliichora kwa makaa nyuma ya kalenda ya zamani, na mvua ikatupata njiani, tukafika Kapsoit na ng'ombe ambaye miguu yake imekuwa maji meusi kwa mkono wangu. Ya pili nilikata katoni ya sukari, nikaipaka rangi ya viatu ya kahawia, kwa sababu ng'ombe wetu ni wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni, na mimi sitaki mjukuu wangu aonyeshwe ng'ombe wa watu. Hiyo ikavunjika pembe zote kwa kurushwa. Ya tatu nikasema, hii sasa hairushwi na mtu. Hiyo ndiyo niliyoishona, na hiyo ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote.

Mjukuu wangu ni msichana wa miaka saba na hajawahi kusema neno. Si kiziwi. Ukifungua mfuniko wa sufuria akiwa kule kwa lango, anakuja. Lakini maneno, hapana. Watu wamesema yao yote. Wengine walisema aliangushwa akiwa mdogo, wengine wakasema mama yake alikula kitu fulani akiwa na mimba, na mmoja, tena mtu wa kanisa, aliniuliza kama kuna mtu tumemkosea. Nilimwambia ndiyo, tumekukosea wewe kwa kukupa chai, weka kikombe chini uende. Mama yake mtoto, binti yangu, anafanya kazi kwa kiwanda cha majani chai kule Mogogosiek na anakuja mwisho wa mwezi. Siku zile zingine zote mtoto ni wangu. Alikulia kwa shamba langu la majani chai, akilala kwenye kivuli mwishoni mwa mstari akiwa mtoto wa mgongo, na baadaye akisimama karibu na mimi nikichuna.

Habari ya muziki ililetwa na muuguzi wa zahanati. Alisema kuna mwalimu anakuja Kapsoit kila Alhamisi, chumba kilicho nyuma ya kanisa, anafanya tiba ya muziki kwa watoto kama wetu. Nilicheka. Kama wimbo ni dawa, mimi ningekuwa daktari mkuu, maana nimeimba kwaya tangu kabla ya huyo muuguzi kuzaliwa. Lakini nilienda, kwa sababu mtu mwenye mgonjwa haendi kwa kuamini, anaenda kwa sababu hajaenda bado.

Mwalimu mwenyewe ni msichana mwembamba mwenye gita kubwa kuliko yeye. Ni wa wale watu waliotoka upande wa Gikuyu zamani, wazazi wake wana duka Kericho mjini, kwa hivyo ananiita shosho, ndiyo bibi kwa lugha yao. Kwa lugha yetu mimi ni kogo, lakini nilimwachia. Siku ile ya kwanza alikaa chini sakafuni, akapiga kamba mbili tu za gita, polepole, akaimba kitu kidogo cha mvua ambacho nadhani alikitunga hapo hapo kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati. Mjukuu wangu alitoka chini ya benchi alikokuwa amejificha. Akaweka shavu lake kwa lile gita. Halafu akatoa sauti. Mmmm. Ikapanda pale wimbo ulipopanda, ikashuka pale uliposhuka.

Miaka saba nilikuwa nimesikia kilio na mikwaruzo ya koo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mwavuli.

Basi tangu siku hiyo hata kama ingenyesha mawe, Alhamisi ni Kapsoit.

Wiki ya tatu mwalimu akaniambia habari ya kadi. Alisema mtoto asiyesema anaweza kuchagua wimbo kwa picha. Unaweka picha mezani, moja ya mvua, moja ya ng'ombe, moja ya kuku, kila picha na wimbo wake. Mtoto anachukua anayotaka na kuiweka kwa mkono wa mwalimu. Mwalimu anaimba hiyo.

"Akinipa kadi, shosho, ni kama amesema," akaniambia. "Leo ni wimbo, kesho ni maji, kesho kutwa anakuambia tumbo linauma."

Hilo la tumbo lilinipata, kwa sababu mwaka uliopita mtoto alikuwa na sikio lenye usaha siku sita na mimi nikampa dawa ya minyoo.

Kadi zake mwenyewe zilikuwa za kuchapishwa, zimepitishwa kwa mashine ya plastiki, safi kabisa. Lakini kulikuwa na kondoo mweupe kama sabuni na basi jekundu la ghorofa. Mjukuu wangu aliziangalia kama vile mimi huangalia barua ya chama cha ushirika. Mwalimu akasema afadhali picha za vitu anavyovijua nyumbani, kama kuna mtu anaweza kutengeneza.

"Niachie mimi," nikasema.

Nimesoma mpaka darasa la tatu. Lakini mkono wangu haujawahi kurudi nyumbani bila kazi kumalizika. Nilianza Ijumaa. Nilikata katoni, nikachora, nikapaka. Kadi ya mvua nilibandika vipande vya karatasi ya ndani ya pakiti ya majani, ile inayong'aa, vikashuka kama matone. Kadi ya kibuyu cha maziwa nilibandika kipande cha kibuyu chenyewe kilichovunjika. Kadi ya mahindi nilibandika mahindi, nikaianika kwa ukuta, na kuku wakaja wakala wimbo wote. Nilibandika mahindi mengine, nikakaa na fimbo. Gundi haikukauka kwa sababu huku kwetu baridi haiachi kitu kikauke. Selotepu niliyozungushia ilikuwa inainuka pembeni kama ngozi ya kidonda. Nilianza upya. Binti yangu akapiga simu akasema, "Mama, si utoe tu picha kwa simu, upeleke saiba, kwa wale wa kompyuta, wakuchapishie?" Nikamwambia aendelee na kiwanda chake.

Na kadi ya kuku! Hiyo sitaacha kuisema. Nilichukua manyoya ya jogoo wetu, yale ya shingo yanayowaka kama moto, na yale meusi ya mkia yenye kijani ndani, nikayapanga moja kwa moja kwa katoni, jicho likawa kifungo cheupe cha shati. Ukiipuliza, manyoya yanatikisika. Hakuna mtu Kapsoit nzima aliyekuwa ameona kadi kama hiyo. Muuguzi alitaka kuipiga picha.

Halafu kuzipanga. Mtu asiyejua kusoma sana anajua kupanga, kwa sababu hana pengine pa kuandika. Nilichukua ile nailoni ya kujifunga kiunoni wakati wa kuchuna majani, moja iliyochakaa, nikashona mifuko juu yake, safu tatu. Nyimbo za mwendo wa haraka safu ya juu, uzi mwekundu. Nyimbo za polepole katikati, uzi wa bluu. Za salamu na za kuagana safu ya chini, uzi mweusi. Ukifika unaning'iniza kwa msumari, umemaliza. Nilipeleka kadi arobaini.

Mwalimu alizitazama, akafunika mdomo.

"Shosho, ni nzuri sana. Lakini ni nyingi. Yeye aanze na nne, tano hivi."

"Wewe unajua nyimbo ngapi?"

"Nyingi."

"Basi kadi ni nyingi."

Tulipatana sita. Kuku nilihakikisha yumo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mtoto aliketishwa kwa kiti, kadi sita mbele yake juu ya meza. Aliziangalia. Akanyoosha mkono, akachukua ng'ombe, ile ya rangi ya viatu. Mwalimu akafungua mkono wake kuipokea. Na mtoto akairusha nyuma, juu ya bega lake, pap, ikapiga ukuta.

Pale mlangoni kuna benchi ya mama wengine wanaongoja zamu na watoto wao. Mmoja akasema, "Haya, huyo amekataa ng'ombe."

"Labda anataka mbuzi," mwingine akasema, wakacheka.

Niliinama nyuma ya kiti nikaiokota. Nikaiweka tena. Akachukua mvua. Pap, ukutani. Nikaokota. Ng'ombe tena. Pap. Kuku hakumgusa vibaya, alimsukuma tu kando kwa nyuma ya mkono, taratibu, kama mtu anayeondoa kikombe cha mwenzake. Nikawaambia wale wa benchi, mnaona? Kazi nzuri hata mtoto anaiheshimu.

Mwalimu alisema ni kawaida mwanzoni. Hilo neno "kawaida" nimelichukia. Alhamisi iliyofuata ilikuwa vile vile, na iliyofuata, mpaka zikawa tano. Mwalimu alikuwa akingoja mkono ukiwa wazi, mtoto akirusha, mimi nikiokota. Magoti yangu si ya kuchezea, yamebeba majani miaka thelathini kwa miteremko hii. Nilikuwa naenda nyumbani nikitembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nilijaribu kumshika mkono, nikamwekea kadi kwa vidole, nikamsukuma mpaka kwa mkono wa mwalimu. "Mpe mwalimu! Mpe!" Akageuza mwili wote kama samaki. Mwalimu akaniambia, "Shosho, tusimlazimishe." Nikamwambia yeye hajazaa.

Hiyo sikupaswa kusema, na nilijua nikiisema.

Kadi ya ng'ombe ilivunjika pembe. Ya mvua ikapoteza matone. Ya kibuyu ikapasuka katikati. Nilitengeneza upya nyumbani kila Ijumaa nikiongea peke yangu. Lakini kuku wangu alibaki mpya kabisa, kila unyoya mahali pake. Nilikuwa namwonyesha kila mtu anayeingia kwangu. Nikisema hizo zingine ni kwa sababu niliharakisha, huyu nilimpa wakati.

Halafu mwalimu akaniita kando. Alikuwa na karatasi. Akaeleza polepole, bila kuniangalia sana. Watoto wanaongoja wamekuwa wengi, na wakubwa wake wanataka ripoti. Mtoto aliyeanza kuchagua ataendelea na nafasi yake peke yake kila wiki. Yule ambaye bado, ataingia kwa kundi kubwa, mara moja kwa mwezi, ya kusikiliza tu.

Mimi nimeona kundi kubwa. Ni watoto ishirini na kitu, ngoma, chupa zenye maharagwe, kelele mpaka mabati yanajibu. Siku moja tulifika mapema tukawakuta. Mjukuu wangu aliingia chini ya benchi akaziba masikio akajigonga kichwa kwa mguu wa benchi mpaka nikamtoa. Kumweka huko ni kumwambia hiyo sauti yako uliyotoa, imeze.

"Nina wiki ngapi?" nikamuuliza.

"Tatu, shosho."

Nikaenda nyumbani nikafikiri kama mtu wa shamba. Kitu kikiruka, unakifunga. Kuku akiruka unakata mabawa, ng'ombe akitoka unaweka waya. Nilichukua gunia safi, nikakata nusu, nikachukua sindano ya gunia na uzi wa katani, nikaketi kwa veranda siku nzima. Kadi sita nilizishona kwa lile gunia pande zote nne, mishono midogo, ya kubana, ile tunashona gunia la mahindi la kwenda mbali. Ng'ombe huyo wa tatu nilimpa mishono mara mbili. Nilivuta kila kona kwa meno. Jirani yangu, mama mmoja ambaye tuliolewa huku mwaka mmoja na tunasaidiana kuchuna, alipita akauliza ninashonea nani jela.

"Hizi hazitaruka tena," nikamwambia.

"Na akitaka moja?"

"Ataonyesha kwa kidole kama watu."

Mwalimu alipoona lile gunia alivuta mshono mmoja kwa kidole. Akaniuliza swali lile lile la jirani yangu. Nikampa jibu lile lile. Akasema haya, tujaribu.

Mtoto aliketi. Akaangalia. Mkono ukaenda kwa ng'ombe, ukashika, ukavuta. Haikutoka. Akavuta tena. Akaweka kucha chini ya mshono akakwangua, na akakwangua, na mimi nimesimama hapo na mikono kifuani nikingoja kidole kinyooke. Ukucha ukatoka damu. Hapo akaachia sauti moja, si ile ya wimbo, ni ile ya nyumbani ya zamani, akateleza kutoka kwa kiti mpaka chini ya meza. Alikaa huko mpaka saa yetu ikaisha. Mwalimu alipiga gita, akaimba mvua, akaimba ng'ombe. Hakuna mmmm.

Wiki ya pili alipoona gunia likitoka kwa mfuko, alienda chini ya meza mwenyewe, bila kungoja.

Benchi haikucheka siku hiyo. Afadhali wangecheka.

Njiani kurudi nilimgombeza. Nasema ukweli. Mvua ilikuwa inaanza, gunia limelowa begani, nikamwambia, "Wewe unataka nini? Nimekutengenezea arobaini! Unataka nini?" Alikuwa anatembea mbele yangu akikwaruza majani ya ua kwa mkono, kama hakuna mtu anaongea. Na mimi, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, nikalia kwa hasira barabarani na watu wa pikipiki wakipita.

Jumanne ilikuwa siku yetu ya kuchuna. Kwa asiyejua, sisi tunachuna majani mawili na ncha yake, yale laini ya juu. Ukiona jani gumu unalipita, au likikuzuia unalisukuma kando. Jirani yangu alikuwa mstari wa chini, mimi wa juu, mtoto kati yetu. Alikuwa anachuna pia, kama kawaida yake, jani hapa na pale. Niligeuka kuona amefika wapi, nikaona majani yametapakaa kwa njia nyuma yake. Majani mazuri, laini, kwa matope. Hasira ya Alhamisi ilikuwa bado iko karibu.

"Sasa unatupa mpaka majani!" nikapiga kelele. "Kila kitu ni kutupa!"

Jirani yangu akasimama akanyoosha mgongo.

"Wewe mama, unamgombezea nini? Huyo hatupi. Anachuna vile wewe unachuna. Ni kikapu tu hana."

Nilifungua mdomo nimjibu, na wakati huo huo mkono wangu wenyewe, ambao haungoji mtu, ulikuwa umechuna jani na kulirusha nyuma ya bega, ndani ya kikapu mgongoni. Nikauona. Miaka thelathini sijawahi kuuangalia mkono huo. Nilibaki nimeuinua hewani kama mtu anayeapa.

Nikamtazama mtoto. Alinyoosha mkono kwa mche. Akagusa jani gumu, akalisukuma kando kwa nyuma ya mkono, taratibu. Akachukua laini. Pap, nyuma ya bega.

"Mungu wangu," nikasema.

"Ni nini?" jirani akauliza. "Nyoka?"

Nilikuwa nahesabu ng'ombe. Ng'ombe aliyevunjika pembe zote. Mvua iliyopoteza matone. Kibuyu kilichopasuka. Hizo ndizo alizokuwa anachagua kila Alhamisi mbele ya macho yetu, na mwalimu amenyoosha mkono akingoja, na mimi nyuma nikiokota na kumrudishia mezani kama mtu anayemwaga majani ya mwenzake kutoka kwa kikapu. Mtoto huyu amelala kwa mstari wa majani, amekua akiangalia mgongo wangu. Kwake, kitu unachokitaka kinaenda nyuma ya bega. Kile hukitaki ndicho kinabaki mbele. Nani alimfundisha kuweka kitu kwa mkono wa mtu? Si mimi.

Na mimi, yeye akichagua, nikashona.

Nilipomweleza jirani yangu alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Lakini hukujua." Maneno hayo hayanisaidii. Mwalimu hakujua, sawa, amekulia kwa duka. Mimi sina duka.

Jumatano nilishonoa. Kushona kulichukua siku, kushonoa pia, kwa sababu nilikuwa nimebana kama mwizi yuko ndani. Nilitumia wembe na kipande cha waya, katoni ikapasuka mahali, kidole nikajikata, nikasema nilivyosema. Uzi wa katani hauna huruma. Mtoto alikuja akasimama akaangalia. Nilipomtoa ng'ombe, akamchukua kutoka mkononi mwangu, akamrusha nyuma ya bega. Akaangukia kwa bakuli la unga. Sikumgombeza. Nilimwokota nikampanguza.

Alhamisi nilibeba kikapu changu cha majani mpaka Kapsoit, kikubwa, kile cha kazi. Watu wa njiani waliniuliza kama nimehamisha shamba. Pale kwa benchi mama mmoja akasema, "Leo kogo amekuja kutuchuna sisi." Nilipita.

Mwalimu alikuwa na karatasi yake ya ripoti mezani na kalamu juu yake.

"Shosho, hicho kikapu ni cha nini?"

"Wewe shika gita."

Nilikiweka nyuma ya kiti cha mtoto, karibu, mahali mgongo unapotarajia. Kadi sita nikazipanga mezani. Mtoto alipoziona hazina gunia, alitoka chini ya meza alikokuwa ameshaingia, kwa hiari yake, akaketi. Nilimwambia mwalimu asifungue mkono. Nikamwambia aangalie nyuma.

Mtoto aliangalia kadi muda mrefu, mpaka nikaanza kuomba. Akasukuma mahindi kando. Akamsukuma kuku wangu kando. Akachukua mvua, akairusha nyuma ya bega, ikaingia kwa kikapu.

Mwalimu hakuelewa. Alitazama kikapu, akanitazama mimi.

"Imba mvua!" nikamwambia. "Amekuambia mvua, wewe unangoja nini?"

Akaimba. Vidole vyake vilikosea kamba mara ya kwanza. Na mtoto akaweka shavu kwa gita, na ile sauti ikaja, mmmm, imekaa wiki tatu bila kutumika na ilikuwa na mkwaruzo kidogo, lakini ni ile ile.

Mwalimu ni mtu wa kazi yake, hakukubali mara moja. Alizichanganya kadi, akazipanga upya, ng'ombe akamweka mwisho kabisa upande wa dirisha. Mtoto akamfuata huko huko. Kikapuni. Akaimba ng'ombe. Akazichanganya tena, akamfichia ng'ombe chini ya kuku. Mtoto akainua kuku kwa vidole viwili, akamweka kando, akamchukua ng'ombe. Kikapuni.

"Tangu lini?" mwalimu akaniuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Tangu siku ya kwanza," nikasema. "Hesabu zile za ukutani."

Akakaa chini. Akasema pole, shosho. Nikamwambia asinipe mimi hiyo pole, na mimi nikamwomba msamaha wa lile neno langu la kuzaa. Akaivuta karatasi, akaandika muda mrefu, akanisomea. Aliandika kwamba mtoto anachagua wimbo kwa kadi, bila kusaidiwa, na kwamba kiti chake kiwekewe kikapu nyuma. Nafasi ya kila wiki ni yake. Aliniuliza kama kuna kitu nataka kuongeza. Nikasema aongeze kwamba ni mtu mzima aliyechelewa. Hakuandika hiyo.

Siku hizi tuna kikapu kidogo, jirani yangu alikisuka, na nyumbani kuna kingine jikoni. Kuna kadi ya maji, ya uji, ya choo. Ya tumbo nimeichora na inasumbua, hakuna anayejua tumbo likiuma linafanana na nini. Naibadilisha kila wiki. Mwalimu anasema pole pole atafundishwa kuweka kwa mkono wa mtu pia, kwa sababu dunia haitembei na kikapu nyuma. Ni kweli. Lakini mimi nimemwambia wasiharakishe.

Wiki tano za kuokota na mbili za gunia, hizo hazirudi. Nikichuna, kila mkono ukienda nyuma, nazikumbuka, na majani ni mengi kwa siku.

Kuku wangu naye bado yuko kwa mfuko wake wenye uzi mwekundu. Kila Alhamisi namweka mezani, na kila Alhamisi anasukumwa kando kwa nyuma ya mkono, taratibu. Manyoya yote yako, jicho la kifungo liko. Ni kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza na haijawahi kurushwa hata siku moja. Inaniudhi mpaka leo.